Klasta ya Afya Kivu Kaskazini: shirika lako litapata nini, na litakwama wapi

Shirika linaloingia Kivu Kaskazini na dawa, wauguzi na bajeti ya miezi 6 lina milango miwili ya kubisha kabla ya kushusha boksi la kwanza: Idara ya Afya ya Jimbo, kisha Klasta ya Afya, yaani meza ambapo mashirika ya afya huratibu nani anahudumia wapi. Mlango wa kwanza haukwepeki. Wa pili ni wa hiari na hauna ada, na faida yake hupanda na kushuka kulingana na nani amekaa mezani wiki hiyo. Hapa tunaipima klasta kama huduma nyingine yoyote: unaleta nini, unapewa nini, inaharibika wapi na kwa sababu gani. Ushauri wetu ni kwamba jiunge, ila usiipime kwa wingi wa vikao wala barua pepe. Swali la kuipimia ni hili: zoni ya afya (sehemu ya jimbo yenye daktari mkuu wake) iliyokosa mtu wa kuihudumia mwezi huu, mwezi ujao ina mtu?

Mfumo wa klasta ulizaliwa mwaka 2005 katika mageuzi ya misaada ya kibinadamu ya Umoja wa Mataifa. Ulitumika mara ya kwanza mwaka huohuo baada ya tetemeko la Pakistan, na mwaka 2006 Kongo ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kuupokea. Upande wa afya unaongozwa na Shirika la Afya Duniani, WHO. Kwenye karatasi klasta ina kazi 6: kusaidia huduma ziwafikie watu, kutoa taarifa za kufanyia maamuzi, kupanga mkakati, kufuatilia utekelezaji, kuandaa nchi kwa dharura zijazo, na kuwasemea walioathirika. Juu ya zote kuna wajibu wa kuwajibika kwa wananchi wenyewe. Kifungu kizito kuliko vyote ni dhamana ya mwisho: pengo likikosa wa kuliziba, shirika linaloongoza ndilo lenye deni la kuliziba au kumtafuta wa kuliziba, iwapo njia inapitika, usalama upo na fedha zipo. Yeyote aliyewahi kupeleka dawa Masisi au Walikale anajua ni mara ngapi masharti hayo matatu hukutana siku moja. Kwa hiyo usipange mradi wako ukiitegemea dhamana hiyo.

Goma haihitaji kuelezwa uratibu ni wa nini. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda kati ya 500,000 na 800,000 waliingia ndani ya siku chache, na karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Misaada ilikuja kutoka kila upande, lakini maji yalichelewa, na baadhi ya timu za tiba hazikuwa na uzoefu wa kumrudishia mgonjwa wa kipindupindu maji mwilini kwa kasi inayotakiwa. Viwango vya Sphere, yaani viwango vya chini vya misaada ya kibinadamu ambavyo klasta inavitumia leo kupima mapengo, vilianza kuandikwa mwaka 1997 kutokana na uchungu wa msiba ule.

Kuna mpaka mmoja ambao wageni huuvuka bila kujua. Klasta inahusika na wakimbizi wa ndani na wenyeji walioathirika. Wakimbizi waliovuka mpaka wa nchi wako chini ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kwa mfumo mwingine wa uratibu. Mtu aliyefanya kazi Nyarugusu, mkoani Kigoma, amezoea meza ambayo UNHCR inakaa pamoja na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Tanzania, na mgawanyo wa kazi ndani ya kambi unajulikana. Akifika Goma akasubiri apangiwe eneo kwa namna ileile, atasubiri sana. Klasta haina amri juu ya mwanachama wake. Inashawishi, inaonyesha ramani, inapendekeza. Pia asishangae kuona MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu zimekaa kikaoni kama watazamaji. Zinabadilishana taarifa, lakini hazifungwi na mpango wa pamoja. Hospitali wanazozisaidia ni kubwa, hivyo ramani isiyowaonyesha ina uongo ndani yake. Mratibu mzuri huwaulizia nje ya kikao na kuwaweka kwenye ramani kwa ridhaa yao.

Jedwali la nani anafanya nini, wapi, lini

Hiki ndicho kitu kinachofaa zaidi katika huduma nzima, na ndicho kinachochafuliwa kuliko vyote. Ni jedwali la Excel ambalo wadau wamezoea kuliita 4W, linalojazwa kila mwezi na kila shirika: nani anatoa fedha, nani anatekeleza, zoni ya afya, eneo la afya (sehemu ndogo ndani ya zoni), jina la kituo, aina ya huduma, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na idadi ya watu wanaolengwa. Kanuni ya kulijaza ni fupi: mstari mmoja kwa kituo kimoja na huduma moja. Shirika linalosaidia vituo 4 kwa tiba ya kawaida na uzazi salama lina mistari 8.

Kosa la kwanza ni kujaza kwa ngazi ya zoni. Shirika linaandika “Kirotshe” na kunyamaza. Zoni ya afya kwa kawaida ina watu laki moja na zaidi na maeneo ya afya mengi ndani yake. Kituo kimoja kikisaidiwa pale Sake, ramani inaipaka rangi zoni yote, na mfadhili anayeitazama kutoka Kinshasa au Geneva anaona Kirotshe imeshughulikiwa. Vituo vya milimani vinakufa njaa ya dawa chini ya rangi hiyo ya kijani. Dai ramani ya ngazi ya eneo la afya. Wakikujibu kwamba haipo, hesabu huduma hii kuwa nusu tu.

Kosa la pili ni majina. Kituo kimoja kinaandikwa kwa tahajia tatu, jedwali linakihesabu mara tatu, na mashirika mawili yanayopeleka dawa zilezile mlango uleule hayakutani kwenye karatasi. Dawa yake ni kutumia namba rasmi ya kituo na ya eneo badala ya jina, na kufungia safu hizo kwa orodha ya kuchagua ili mtu asiandike kwa mkono. Afisa wa taarifa wa klasta anaweza kuitengeneza orodha hiyo kwa siku moja akipewa orodha ya vituo na Idara ya Afya ya Jimbo.

La tatu ndilo lenye madhara zaidi: mistari ya wafu. Fedha zimekwisha mwezi Machi, mstari bado unasema “inaendelea” mwezi Juni. Hakuna anayefaidika kwa kuufuta. Shirika linapenda kuonekana lipo, mfadhili anapenda kuona kituo kinasaidiwa, na afisa wa taarifa hana mamlaka ya kumfuta mtu. Ni lazima tarehe ya kuisha iwe ya kujazwa kwa nguvu, na mstari uliopita tarehe yake utoke wenyewe kwenye ramani hadi mwenyewe auhuishe. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ilikatika katikati ya mwezi bila tarehe yoyote kwenye jedwali kufika. Tangu hapo tunashauri kuwe na safu ya ziada inayouliza jambo moja: fedha za miezi 3 ijayo ziko mkononi, zimeahidiwa, au hazipo?

Jedwali pia linadhani watu wanakaa walipoandikwa. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na mwezi Februari maeneo ya wakimbizi wa ndani yaliyouzunguka mji, kama Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, yakavunjwa na watu wakaondoka. Mistari yote iliyofungwa kwa jina la kambi ikabaki bila watu, huku zoni za kurejea kama Masisi, Nyiragongo na Rutshuru zikipokea watu kwenye vituo vilivyoibiwa dawa au kukimbiwa na wauguzi. Mashirika yaliyokuwa yameandika mkataba wao kwa jina la kambi yalihitaji marekebisho ya mkataba kabla ya kuhama. Yaliyoandika “wakimbizi wa ndani na wanaorejea katika zoni tatu hizi” yalihama na watu. Maneno machache kwenye pendekezo la mradi yanaokoa wiki kadhaa.

HeRAMS: kipimo kinachopaswa kusomwa sambamba

4W inakuambia shirika liko wapi. Haikuambii kituo kinafanya kazi. Kwa hilo kuna HeRAMS, mfumo wa WHO unaopima kituo kwa kituo: jengo na vifaa viko katika hali gani, kituo kinafanya kazi kikamilifu, kwa sehemu au kimesimama, kinafikika au hakifikiki, na huduma gani zinapatikana. Sehemu tunayoipenda zaidi ni ile ya vikwazo. Kwa kila huduma inayokosekana, msimamizi anataja sababu: watumishi hawapo, mafunzo hayapo, dawa hazipo, vifaa havipo, au fedha hazipo.

Weka majedwali haya mawili kando kwa kando na utaona kinachouma. Kituo kina shirika linalokisaidia, lakini HeRAMS inasema hakizalishi kina mama kwa sababu ya vifaa, na msaada wa shirika hilo ni posho za wauguzi peke yake. Kingine kimejaa dawa lakini kimekimbiwa na wauguzi. Neno “msaada” kwenye 4W ni pana mno. Tunapendekeza livunjwe kwa vikwazo vilevile vitano vya HeRAMS, ili msaada na tatizo viongee lugha moja. Udhaifu wa HeRAMS ni uzee: taarifa ya kituo kwenye mstari wa mapigano inaweza kuchakaa ndani ya wiki mbili, na kuihuisha kunamhitaji mtu wa zoni mwenye simu na vocha. Shirika lako likilipia vocha za maafisa wa zoni moja, umechangia uratibu kuliko kutuma mtu wa kukaa kikaoni.

Klasta ikikuonyesha pengo, lipime kwa Sphere kabla ya kuahidi kuliziba. Chukua eneo lililopokea watu 40,000. Kiwango ni kituo kimoja cha msingi kwa watu 10,000, kwa hiyo vinatakiwa 4. Vitanda 18 kwa watu 10,000 ni vitanda 72. Wahudumu wa afya ya jamii 1 hadi 2 kwa kila watu 1,000 ni 40 hadi 80. Kwa waliohama makazi tarajia kila mtu kuja kituoni mara 2 hadi 4 kwa mwaka: ziara 80,000 hadi 160,000, sawa na wagonjwa 220 hadi 440 kwa siku kama vituo vinafunguliwa kila siku. Tabibu mmoja asizidishe wagonjwa 50 kwa siku. Kwa hiyo unahitaji matabibu 5 hadi 9 walio kazini kila siku, bila kuhesabu zamu za usiku, likizo na ugonjwa. Shirika linalofika na kliniki moja ya kuhamahama na kusema “tunashughulikia eneo lote” limejibiwa na hesabu hiyo.

Daktari mkuu wa zoni

Kongo ina zoni za afya 519, na kila moja ina daktari wake mkuu na timu ndogo ya usimamizi. Huyo ndiye mratibu halisi. Anajua muuguzi gani amehama, friji ipi ya chanjo imekufa, na barabara ipi imefungwa tangu juzi. Klasta ya jimbo inayokutana bila madaktari wakuu wa zoni, au bila kupiga simu kwao asubuhi ya kikao, inagawana habari za barua pepe.

Shirika likimpita na kwenda moja kwa moja kituoni, makosa hufuatana. La kwanza ni posho. Mashirika mawili katika zoni moja yanalipa viwango tofauti, wauguzi wanaondoka kituo cha posho ndogo kwenda cha posho kubwa, na ndani ya mwezi mmoja pengo limehama kutoka kijiji hadi kijiji bila kupungua. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, ulioua watu 2,287 katika Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini, malipo ya kazi za Ebola yalivuta watumishi kutoka wodi za kawaida, na muundo wa uratibu wa Ebola ulijengwa pembeni ya ule wa kibinadamu uliokuwepo. Wananchi waliona fedha nyingi kwa ugonjwa mmoja huku watoto wao wakifa kwa malaria na surua, na hasira ile iliwafikia wahudumu. Omba kiwango cha posho kilichokubaliwa kwenye klasta kabla ya kuandika bajeti, na ukifuate hata kama mfadhili wako anaruhusu zaidi.

Kosa lingine ni lugha. Vikao na nyaraka ni kwa Kifaransa, wakati wahudumu wa jamii na wagonjwa wa Goma wanazungumza Kiswahili. Asasi ndogo za hapahapa, ambazo hubaki barabara zinapofungwa, hukaa nyuma ya ukumbi na kuondoka bila kusema. Mratibu anayeruhusu Kiswahili mezani hupata habari ambazo hazimo kwenye taarifa yoyote. Fomu ya malalamiko ya wagonjwa iliyoandikwa Kifaransa peke yake ni karatasi ya bure.

Kikao chenyewe kina hesabu yake. Wadau 30 wakipewa dakika 3 kila mmoja kueleza walichofanya, dakika 90 zimekwisha na hakuna uamuzi. Kikao kinachofaa huanza na tahadhari za magonjwa, kikaenda kwenye mapengo 3 au 4 makubwa ya wiki, na kila pengo likatoka na jina la shirika na tarehe. Mambo mengine yasomwe kwenye jedwali. Kabla ya kujiunga omba kumbukumbu za vikao viwili vya mwisho. Kama sehemu ya maamuzi ina maneno kama “wadau wanahimizwa”, ujue unaingia darasani, si kazini.

Dawa na makasha

Hapa klasta hufanya kazi nzuri kuliko inavyosifiwa, hasa kwa kuonyesha nani ana akiba gani. Kasha la dharura la mashirika mbalimbali, toleo la 2017, limepangwa kwa watu 10,000 kwa miezi 3. Ndani yake kuna moduli 10 za msingi, kila moja kwa watu 1,000, za kutumiwa na mhudumu wa ngazi ya chini na zisizo na sindano, pamoja na moduli za nyongeza za daktari. Dawa zinazodhibitiwa, kama morfini, zina moduli yake kwa sababu zinahitaji kibali cha kuingiza nchini. Moduli hiyo ndiyo inayokwama mpakani, na shirika lisiloanza maombi mapema hupokea kasha bila dawa ya maumivu makali.

Kasha ni la kuanzia. Liliundwa kwa makadirio, kabla hujawajua wagonjwa wako. Likiagizwa tena na tena kwa miaka, kama ilivyozoeleka mashariki mwa Kongo, stoo inajaa kitu kimoja kinachokaribia kuisha muda huku amoksisilini ya watoto ikiisha wiki ya tatu. Baada ya miezi 3 hamia kwenye kuagiza kwa matumizi halisi, na upitishe agizo kwa ASRAMES, bohari ya dawa ya kanda iliyoko Goma, badala ya kila shirika kuleta lake. Bohari hiyo ndiyo itakayobaki kuhudumia vituo mashirika yakiondoka, na kila agizo linaloipita linaidhoofisha.

Kwa kipindupindu, makasha ya WHO yaliyorekebishwa mwaka 2016 hupangwa kwa wagonjwa 100. Hesabu ya klasta iende hivi: eneo la watu 20,000, kadiria asilimia 1, ni wagonjwa 200. Robo wakiwa na upungufu mkali wa maji ni 50, kila mmoja akihitaji wastani wa lita 8 hadi 10 za dripu ya Ringer. Unahitaji lita 400 hadi 500, na chumvi za kunywa kwa wote 200. Kituo cha tiba kinataka pia lita 60 za maji kwa mgonjwa mmoja kwa siku, na maji si kazi ya klasta ya afya. Hapo ndipo mambo huharibika: hema limesimama, dripu zipo, mratibu wa maji na usafi hakuambiwa. Mashirika mawili yakikadiria watu 20,000 walewale bila kuulizana, eneo moja linapata akiba ya wagonjwa 400 na la jirani halipati kitu. Chanjo ya kipindupindu haiombwi na shirika moja moja. Serikali ndiyo inayoomba akiba ya dunia inayosimamiwa kwa pamoja na WHO, UNICEF, MSF na Shirikisho la Msalaba Mwekundu, na tangu Oktoba 2022, kwa uhaba, kampeni za mlipuko hutoa dozi moja badala ya mbili. Mchango wa wadau ni kutoa takwimu za eneo la afya, maana ombi linalotaja jimbo zima bila kuonyesha maeneo yenye moto ni dhaifu.

Dawa za kinga baada ya kubakwa zinahitaji mstari wake kwenye jedwali la akiba. Zina dirisha la saa 72 kwa kinga ya VVU, kwa hiyo kujua kwamba “zipo Goma” hakumsaidii mwanamke aliye Mweso. Orodha inayofaa inataja kituo, idadi ya dozi na simu ya mtu wa zamu. Idadi ikishuka chini ya matumizi ya mwezi mmoja, suala hilo lipande hadi juu ya ajenda bila kusubiri zamu yake.

Kwa tahadhari za magonjwa kuna EWARS, mfumo wa WHO wa kutoa tahadhari mapema, unaokuja kwenye boksi moja: simu 60, kompyuta, seva ya ndani na chaja za jua, ya kutosha vituo 50 vinavyohudumia watu wapatao 500,000, kwa dola 15,000 hivi. Kwa bei hiyo ni kifaa kizuri. Kinachokishinda ni mwitikio. Taarifa inaingia kwa dakika, kisha inakaa siku 5 kwa sababu gari la timu ya uchunguzi halina mafuta. Tahadhari inatakiwa kuthibitishwa au kufutwa ndani ya saa 48. Vilevile usiruhusu mradi wako uwe na fomu yake ya magonjwa. Muuguzi mmoja anayejaza fomu ya wizara, ya EWARS na ya shirika ataacha moja, na kwa kawaida ataacha ya wizara kwa kuwa haina posho.

Fedha na kofia mbili

Klasta haina mfuko. Ina ushawishi kwenye mifuko: inapanga vipaumbele vya mpango wa mwaka wa misaada na kupitia kitaalamu mapendekezo yanayokwenda kwenye mfuko wa pamoja wa nchi. Kwa asasi ya hapahapa hiyo ndiyo sababu kubwa ya kujaza 4W kila mwezi, kwani shirika lisiloonekana kwenye jedwali hupata shida kuthibitisha kwamba lipo. WHO inayoongoza klasta nayo ni mtekelezaji anayeomba fedha zilezile. Mratibu mwenye kofia mbili, akiwa pia meneja wa programu ya WHO, hawezi kuamua kwa uhuru. Uliza mambo mawili: je, mratibu wa jimbo ni wa kazi hiyo peke yake? Je, kuna mratibu mwenza kutoka shirika lisilo la kiserikali? Majibu yote mawili yakiwa hapana, tarajia kikao cha kupokea maelekezo. Kila mwaka wanachama huulizwa maoni yao juu ya utendaji wa klasta. Jaza dodoso hilo kwa ukweli, halafu udai kuona mpango wa marekebisho.

Wakati wa kutoka

Kipindi cha ahueni ndicho huduma hii inachokifanya vibaya kuliko vyote. Vituo vingi Kongo huishi kwa ada za wagonjwa. Shirika likija, matibabu huwa bure na kituo hulipwa kwa kiwango maalumu kwa kila mgonjwa. Siku mradi unapoisha ada inarudi ghafla, wagonjwa wanapungua, mapato hayatoshi posho, wauguzi wanaondoka, na miezi michache baadaye kituo kinaandikwa tena kama pengo. Mzunguko huu unazuilika kama kuondoka kunaratibiwa kama kuingia kulivyoratibiwa.

Kwa mradi wa miezi 6, mazungumzo ya kutoka yaanze mwezi wa 3. Mezani wawepo daktari mkuu wa zoni, kamati ya afya ya eneo, na shirika lolote la maendeleo lenye mradi zoni ileile. Ada ndogo ya pamoja irudishwe polepole, ukiacha bure huduma za watoto chini ya miaka 5, za uzazi na za waliobakwa hadi mwisho. Akiba ya dawa ya miezi 2 hadi 3 iachwe kwa hati ya makabidhiano yenye tarehe za kuisha muda. Ramani ya rufaa ihuishwe: gari la wagonjwa litalipiwa mafuta na nani, na upasuaji wa uzazi hospitali kuu ya rufaa utalipwa na nani kuanzia tarehe ipi. Hilo la mwisho husahaulika kuliko yote, na mama mwenye uchungu ndiye anayeumia kwa kucheleweshwa getini. Omba klasta iweke tarehe zako za kutoka kwenye ramani miezi 2 kabla, ili shirika lenye fedha lizione kabla kituo hakijafungwa. Mashirika mengi huficha tarehe hizo yakitumaini nyongeza ya mfadhili. Yaandike yote mawili kwenye mstari mmoja: tarehe ya kuisha, na neno “nyongeza imeombwa”.